Mwito Unaosomeka: Sarufi ya Amri Tunazoiandikia Kompyuta

Humu ukumbini mmechanganyika wanafunzi wa kompyuta na wa isimu. Naandika mstari mmoja ubaoni, halafu tuzungumze.

tuma(a, b, 5000, kweli, uongo)

Walio nyuma mnauona? Huu ni mwito wa funksheni: jina la kazi, na mabanoni vigezo vyake. Kompyuta inauelewa bila taabu. Je, ninyi? Nani anamtumia nani? Elfu tano ni shilingi au senti? Na hayo "kweli" na "uongo" ya mwisho yanahusu nini: risiti, makato, au kujaribu tena mtandao ukikatika? Aliyeuandika alijua siku ile. Anayeusoma leo itabidi afungue faili jingine, aitafute funksheni ilikotungwa, ahesabu vigezo kwa kidole, kisha arudi alikokuwa, na huenda njiani akasahau alikuja kutafuta nini. Ukienda benki kuweka pesa unapewa karatasi yenye nafasi zilizokwisha kuandikwa: jina, namba ya akaunti, kiasi. Mwito wa namna hii ni kumpa karani karatasi nyeupe yenye vitu vitano juu yake na kumwambia, "Ni mpangilio ule ule wa siku zote."

Nilichokuja kusema ni kimoja. Mwito wa funksheni ni sentensi ya amri, na amri ina sarufi yake: kuna kitenzi, kuna kinachotendwa, kuna anayetendewa, kuna mahali na namna. Mwandishi wa programu akiitumia sarufi hiyo kwa kiasi, msimbo unasomeka. Akiiga lugha nzima, anamdanganya msomaji. Na sisi tunaotunga majina ya funksheni kwa Kiswahili tunayo sarufi tayari, ila mpaka sasa tunavaa ya Kiingereza na kulalamika kwamba inabana.

Tuanze na ubaya wa mpangilio usiotajwa. Katika lugha ya C zipo funksheni mbili za kazi moja, kunakili baiti kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine. Ya kwanza, memcpy, inataka utaje pa kupeleka, kisha pa kuchukua, mwisho idadi. Ya pili, bcopy, iliyotoka upande wa Unix ya BSD, inataka pa kuchukua kwanza, kisha pa kupeleka. Zote zinapokea anwani mbili, na mara nyingi kompaila haina njia ya kujua ipi ni ya kutoa na ipi ni ya kuweka. Ukizigeuza, programu inakubali, inaendeshwa, na inafuta ile ile data uliyotaka kuihifadhi.

Ipo pia memset, inayojaza eneo la kumbukumbu kwa thamani moja. Unataja eneo, thamani, halafu idadi ya baiti. Mtu anataka kujaza sifuri katika baiti 100, anakosea mpangilio, na bila kujua anaiamuru kompyuta ijaze thamani ya 100 katika baiti sifuri. Hakuna kinachofanyika, na kwa kawaida hakuna kosa linaloonyeshwa wakati programu ikiendeshwa. Eneo linabaki na takataka zilizokuwemo, na hitilafu inajitokeza mbali kabisa, pengine kwa mtu mwingine. PHP nayo ina mkanganyiko wake mashuhuri: strpos inataka kwanza pa kutafutia, kisha kinachotafutwa; in_array inataka kinachotafutwa kwanza. Watu wameandika PHP miaka kumi na bado wanafungua mwongozo kila mara. Toleo la 8.0, mwaka 2020, ndilo lililoruhusu kutaja jina la kigezo wakati wa kuita, jambo ambalo lugha ya Ada ilikuwa nalo tangu 1983.

Mtaniambia: lakini kihariri cha kisasa kinaonyesha majina ya vigezo chenyewe, kwa rangi ya kijivu. Kweli. Ila msimbo husomwa pia kwenye barua pepe, kwenye karatasi, kwenye simu ya mtu aliye safarini akiulizwa kwa nini malipo yamekwama. Jina lililo katika msimbo wenyewe huenda nao popote.

Wazo la kuandika amri kama sentensi ni la zamani. Miaka ya 1950 Grace Hopper na wenzake, walioshughulikia mashine za UNIVAC huko Marekani, walitengeneza FLOW-MATIC, lugha iliyotumia maneno ya Kiingereza badala ya alama za hisabati. Mwaka 1959 ikaundwa kamati iliyotunga COBOL, kwa kuegemea sana lugha hiyo. Tazameni amri yake, nikiwawekea majina yetu:

SUBTRACT MAKATO FROM MSHAHARA GIVING BAKI

Vijana wanaidhihaki COBOL kwa wingi wa maneno. Mimi sioni cha kucheka katika mstari huo. Hata asiyejua programu, mradi ajue Kiingereza kidogo, hawezi kukosea nini kinatolewa katika nini. Neno FROM limefanya kazi ambayo memcpy ilimwachia msomaji aikariri. Kasoro ya COBOL ilikuwa kwingine. Sentensi hizo nzuri zilikuwa za vitenzi vya lugha yenyewe tu. Wewe mwandishi ulipotaka kutunga kitenzi chako, uliandika aya na kuiita kwa PERFORM, bila kuipa kigezo chochote. Baadaye ilipokuja CALL yenye USING, vigezo vikapangwa foleni kwa mpangilio wa nafasi, sawasawa na C. Sarufi ilikuwa ya serikali. Wananchi walibaki na foleni.

Walioigawa sarufi hiyo kwa kila mtu ni watu wa Smalltalk, katika maabara ya Xerox pale Palo Alto, California, miaka ya 1970: Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao. Toleo la mwaka 1972 lilikuwa na uhuru uliopita kiasi. Kila kitu kilisoma chenyewe ujumbe unaokuja na kuamua maneno yake yana maana gani, hivyo msomaji asiyekijua kitu hicho hakuweza hata kuona sentensi inaishia wapi. Ingalls akaibana sintaksia katika Smalltalk-76, na utaratibu ule ndio uliodumu. Jina la funksheni linakatwa vipande, kila kipande kinaishia kwa nukta pacha, na kigezo chake kinakifuata:

bei at: 'ndizi' put: 300

Jina la ujumbe huo ni at:put: lote kwa pamoja. Lebo hapa, yaani neno linalotangulia kigezo, si pambo, wala hiari ya anayeita; ni sehemu ya jina. Huwezi kuiacha na huwezi kuipindua. Na ukitunga ujumbe wako mwenyewe, unaupa umbo lile lile. Kwa maoni yangu hakuna hatua iliyofanywa tangu siku zile, katika jambo hili, iliyo kubwa kuliko hiyo.

Njia iliyofuata naipita haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Brad Cox na Tom Love waliipandikiza sintaksia hiyo juu ya C wakapata Objective-C. Kampuni ya NeXT ikaichukua, Apple ikainunua NeXT, na ndivyo programu za iPhone zilivyokuja kuandikwa kwa sentensi ndefu zilizorithiwa kutoka Palo Alto. Zilikuwa ndefu kweli. Funksheni ya kupunguza herufi zisizotakiwa pembeni mwa maandishi iliitwa stringByTrimmingCharactersInSet, herufi 31 kabla hujataja chochote. Swift, lugha mpya ya Apple, ilipofika mwaka 2014, kisha toleo lake la tatu mwaka 2016, watunzi wake waliketi wakaandika mwongozo wa kutunga majina na wakabadilisha maktaba nzima kuufuata. Jina lile likawa trimmingCharacters, na lebo yake in. Neno lililotaja aina ya kitu likaondolewa, kwa kuwa kompaila inaijua aina. Kihusishi kikabaki, kwa kuwa msomaji anakihitaji. Mwongozo unasisitiza uwazi pale funksheni inapoitwa, si pale inapotungwa, na unataka mwito usomeke kama kifungu cha Kiingereza sahihi.

Hilo la mwisho tutalirudia. Kwanza tuwaone waliovuka mpaka.

Mwaka 1993 Apple ilitoa AppleScript, lugha ya kuamuru programu za Macintosh. Humo unaweza kuweka neno the karibu popote upendapo bila kubadilisha chochote, na ukiisoma amri iliyokwisha kuandikwa, mtoto wa sekondari wa London anaielewa. Taabu inaanza ukijaribu kuandika. Kwa kuwa inafanana na Kiingereza, unaamini kwamba sentensi yoyote ya Kiingereza itakubalika. Haikubaliki. Zipo namna chache zilizopangwa, na hakuna dalili usoni mwa lugha inayokuonyesha ni zipi. Unabahatisha kihusishi baada ya kihusishi. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alikwisha kuonya mwaka 1978, katika waraka wake namba 667, kwamba kuzungumza na mashine kwa lugha ya kawaida ni upuuzi. Mimi siendi mbali kama yeye, lakini kwa AppleScript alikuwa na haki ya kusema, "Niliwaambia."

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na unanikera zaidi. Katika JavaScript ipo maktaba ya kupima programu inayoitwa Chai. Humo unaandika madai yako kwa mnyororo wa maneno yaliyounganishwa kwa nukta: to, be, that, is, has. Mengi ya maneno hayo hayafanyi kazi yoyote. Yamewekwa ili mstari usikike kama Kiingereza. Neno la mwisho la mnyororo ndilo mara nyingi linalopima. Sasa, kabla ya toleo la nne, mtu aliyekosea tahajia ya neno hilo la mwisho, akaandika ture mahali pa true, hakuambiwa chochote. JavaScript iliona sifa isiyokuwepo, ikanyamaza, na kipimo kikahesabiwa kuwa kimefaulu. Mstari unasomeka vizuri kama hotuba, na hakuna kilichopimwa. Toleo la nne lilirekebisha jambo hilo. Lakini funzo lipo: kila neno katika mwito liwe na uzito. Neno ambalo ukilitoa mashine haitofautishi, litoe.

Haya, tuje kwenye Kiswahili, maana naona wanaisimu wameanza kujinyoosha.

Wapo kati yetu wanaotunga majina ya funksheni kwa Kiswahili, hasa wanapofundisha wanaoanza, au wanapoandika programu ya mteja ambaye mambo yake yote ni ya Kiswahili: chama cha kuweka na kukopa, zahanati, ghala la mazao. Mimi ni mmoja wao. Na kawaida yetu ni kuchukua mwito wa Kiingereza na kubadilisha neno kwa neno. Tunapata hivi:

nunua(shati, kwa: asha)

Niambieni maana yake. Tunamnunulia Asha shati? Tunalinunua dukani kwa Asha? Tunalinunua kwa fedha za Asha? Weka namba mahali pa Asha na "kwa" inakuwa bei. Weka kadi ya benki na inakuwa njia ya kulipa. "Kwa" ni neno lenye kazi nyingi mno kubebeshwa lebo likiwa peke yake. Watu wa Swift wanaegemea vihusishi kwa sababu lugha yao imeweka humo mzigo wa kuonyesha nani ni nani. Kiswahili mzigo huo kimeuweka ndani ya kitenzi. Hakuna mama anayemwambia mwanawe "nunua shati kwa ajili ya Asha" ikiwa anaweza kusema "mnunulie Asha shati". Basi na sisi tuseme hivyo:

mnunulie(asha, shati, kwaBei: 20000, kutokaDuka: d)

Tazameni yaliyotokea. Kauli ya kutendea imetangaza kwamba yupo mtendewa. Kiambishi m- kimesema mtendewa huyo ni mtu, na ni mmoja. Vigezo viwili vya kwanza havihitaji lebo, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kinavipanga hivyo: kitondo (mtendewa) kwanza, kipozi (kinachotendwa) baadaye, kama tunavyosema "mpe Juma kalamu". Lebo zimeanza pale tu kitenzi kilipoishiwa nguvu, yaani kwenye bei na duka, na huko "kwa" haikuachwa peke yake. Na kama mteja ni aina moja na bidhaa ni aina nyingine katika programu yako, kompaila itamkataa anayevigeuza.

Kiambishi cha yambwa kina faida nyingine. Katika maktaba nyingi, kumtumia ujumbe mteja mmoja na kuwatumia wateja elfu ni funksheni ya jina moja, na msomaji hugundua tofauti kwa kukagua aina ya kigezo. Sisi tunayo mtumie na watumie. Herufi moja au mbili, na msomaji anajua kama mstari ule utatuma ujumbe mmoja au utamaliza salio la mwezi.

Lakini msikimbie na hilo kupita kiasi. Kiambishi kinafaa pale mtendewa anapojulikana kuwa mtu. Maktaba ya jumla inayofuta chochote haiwezi kuchagua kati ya kifute, ifute na yafute. Hapo andika futa, inatosha. Nayo kauli ya kutendea haina maana moja: kisu cha kukatia si kisu kinachotendewa hisani. Bila kiambishi cha mtu, andikia(kalamu) na andikia(juma) vinafanana machoni, na kazi zake ni mbali kabisa.

Kuna mahali ngeli zinatubana waziwazi. Python ina sort, inayopanga orodha ile ile uliyonayo, na sorted, inayokurudishia mpya bila kugusa ya zamani. Swift imefanya tofauti hiyo kuwa kanuni: kitenzi cha amri hubadilisha kitu chenyewe, umbo la kitenzi lenye -ed au -ing hurudisha kingine. Kwetu panga ni rahisi. Lakini sorted itakuwa nini? Orodha ni iliyopangwa, majina ni yaliyopangwa, wanafunzi ni waliopangwa, vitabu ni vilivyopangwa. Maktaba moja haiwezi kuwa na majina manne ya funksheni moja ili kuiridhisha sarufi. Nimeona watu wakiandika pangwa na kuliacha hivyo, neno lisilo amri wala sifa. Ninachotumia mimi ni nakalaIliyopangwa. Nomino "nakala" inachukua upatanisho, nao haubadiliki hata ukipanga nini. Ni ndefu, sikatai. Ila inasema na jambo ambalo sorted hailisemi: kwamba unachopewa ni nakala, cha asili kiko palepale.

Mahali pengine upatanisho huo huo ni zawadi. Funksheni za kuuliza hali, zinazorudisha kweli au uongo, huwa ni za kitu kinachojulikana aina yake. Basi andika mteja.anaDeni, kikundi.kinaDeni, akaunti.inaDeni. Weka "kama" mbele yake usome kwa sauti: kama mteja anaDeni. Nukta imetoweka. Kiingereza kinahitaji is au has iliyobandikwa mbele ili kupata kitu kinachokaribia hapo, nasi tunakipata kwa kiambishi cha upatanisho tu.

Mtauliza kama kila mwito uwe hivi. Hapana. kubwa(x, y), yaani ile kubwa kati ya mbili, haihitaji lebo; vigezo vyake havina tofauti, na kuviita cha kwanza na cha pili ni kelele. Hisabati iachwe ionekane kama hisabati. Lebo zinadaiwa pale vigezo viwili vya aina moja vinapofanya kazi tofauti, kama pa kuchukua na pa kupeleka. Na pale penye "kweli" au "uongo" peke yake kama kigezo, hapo sitoi ruhusa hata kidogo. Anayesoma kweli bila jina hawezi kujua ni kweli ya nini. Iandike naRisiti: kweli, au tunga funksheni mbili, au tumia orodha ya majina kama yenyeRisiti na bilaRisiti. Kwa programu inayogusa fedha za watu, ningependa lugha yenyewe imkatalie anayeacha jina, na Python 3 inakuruhusu kuamua hivyo kwa kigezo chochote unachotaka: unaweka alama ya nyota katika orodha ya vigezo, na vyote vinavyoifuata havipokelewi bila kutajwa.

Kwa wanafunzi wa kompyuta, ombi langu ni hili. Kabla hujapeleka kazi yako, chukua miito mitatu au minne uliyotunga, umsomee kwa sauti mtu ambaye hakuiandika, bila kumwonyesha funksheni zenyewe. Akuambie kila moja inafanya nini. Anapokwama, usimweleze, badilisha mwito. Na kwa wanafunzi wa isimu: wenzenu hawa wanatunga vitenzi kila siku, vingi kwa Kiswahili, na hakuna aliyewafundisha kauli ya kutendea tangu darasa la saba. Waketi nanyi. Mwongozo wa kutunga majina ya funksheni kwa Kiswahili unaweza kuandikwa na watu waliomo humu ndani, na kazi hiyo inaweza kuanza muhula huu.

 Maswali tuanze na upande wa dirishani.